MacBook ya bei nafuu ikija kweli: inchi ngapi, dola ngapi, na wataiitaje? (mjadala wa 2025)

mzee_wa_inchi

Wakuu habari. Naomba tulijadili hili la MacBook ya bei nafuu maana kila ninaposoma naona watu wanagombania rangi tu, mambo ya msingi hakuna anayeyagusa. Mwishoni mwa Juni Ming-Chi Kuo, yule mchambuzi wa mambo ya Apple, katoa tetesi kwamba Apple wanaandaa laptopu ya bei ya chini, skrini ya kama inchi 13, chipu ni A18 Pro ileile iliyomo kwenye iPhone 16 Pro, uzalishaji uanze mwisho wa mwaka huu wa 2025 au mwanzo wa 2026, rangi ni silva, bluu, pinki na njano. Haya, tuseme ni kweli. Saivi ngazi yao iko hivi, MacBook Air ya inchi 13 yenye chipu ya M4 ni dola 999 tangu Machi, Air ya 15 ni 1,199, Pro ya 14 inaanzia 1,599 na Pro ya 16 inaanzia 2,499. Hiyo mpya inakaa wapi hapo chini na kwa bei gani? Na kama ni inchi 13 kweli basi mtu akiziona zimewekwa pamoja na Air atazitofautishaje, maana nayo ni 13? Mi nilidhani wangerudi kwenye inchi 12 au hata 11, 13 wakaiachia Air. Halafu kuna jina. Leo hakuna MacBook tupu, ipo Air na ipo Pro basi, jina lenyewe limebaki wazi kama linasubiri mwenyewe.

Nauliza pia kwa sababu mdogo wangu anataka mashine ya chuo na hanipi usingizi, asubiri au achukue Air. Karibuni, ila wale wa "nunua Windows" leo naomba mkae pembeni kidogo.

nusu_gramu

Mkuu hapo kwenye inchi 12 umenigusa penyewe. Ile MacBook ya 2015 ilikuwa na kilo 0.92, haina feni, unaitia kwenye begi unarudi kuangalia kama kweli umeibeba, na mpaka leo Apple hawajatoa laptopu nyepesi kuliko ile. Air ya sasa ina kilo 1.24 na bado wanaiita Air, sijui hewa gani hiyo. Watu wanasema inchi 12 ilikataliwa na soko, sio kweli jamani, kilichoiua ni chipu ya Core M ya Intel iliyokuwa inahema ukifungua vitu viwili vitatu, kibodi ya butterfly yenye vitufe vya kukwama, porti moja tu ya USB-C ambayo ukichaji huwezi kuchomeka kitu kingine, na bei ya dola 1,299 wakati Air ya zamani ya inchi 11 ipo palepale inauzwa 899. Ondoa hayo yote, weka A18 Pro ambayo imezaliwa kukaa ndani ya simu isiyo na feni, unapata mashine waliyokuwa wanaiota wenyewe miaka kumi iliyopita ila chipu ya kuiendesha haikuwepo. Mi nasema inchi 12. Wakitoa 13 nitanuna.

pikseli_moja

@nusu_gramu mapenzi nayaelewa ila tuchukue rula kwanza. Air ya inchi 11 ya zamani ilikuwa na upana wa sentimita 30.0. Air ya leo yenye skrini ya inchi 13.6 ina upana wa sentimita 30.41. Rudia kusoma hapo. Yaani ile mashine ndogo mnayoililia mmeshapewa, wamenyoa tu zile kingo nene nyeusi zilizokuwa zinazunguka skrini wakajaza kioo, kilichoongezeka ni kina, kutoka sentimita 19.2 mpaka 21.5, kwa sababu skrini ya 11 ilikuwa ya 16:9 imelala kama ya sinema.

Sasa shida ya kwenda chini zaidi ni kibodi. Vidole vya watu havijapungua. Ile MacBook ya inchi 12 ilikuwa na upana wa sentimita 28.05 na kibodi ilikuwa imesukumwa mpaka ukingoni kabisa kushoto na kulia, huwezi kupunguza tena bila kuanza kubana vitufe, na mashine ya mwanafunzi ambayo vitufe vimebanwa ni mashine ya kurudishwa dukani. Kwahiyo kati ya kilichopo na kidogo kabisa kinachowezekana kuna sentimita mbili na kitu. Kwa sentimita mbili nani anaanzisha bidhaa?

Halafu kingine, saizi mpya ya skrini ni gharama. Paneli zinakatwa kwenye shiti kubwa la kioo, na mpangilio wa kukata unapangwa uache mabaki machache, sawa na fundi cherehani anavyopanga vipande kwenye kitambaa, ukileta saizi ya ajabu unaanza upya hesabu zote. Mashine ya bei nafuu inataka vitu ambavyo tayari vinatengenezwa kwa wingi. Ile paneli ya inchi 13.3 yenye pikseli 2560 kwa 1600 Apple wameitumia tangu MacBook Pro Retina (Retina ndo skrini yao ya pikseli nyingi) ya Oktoba 2012, ikaja kwenye Air ya M1 ya 2020, hata Pro ya inchi 13 yenye M2 ya 2022 ilikuwa nayo. Mi dau langu ni 13.3 au kitu cha jirani yake hapo, kingo nene kidogo kuliko za Air, bila ule mkato wa kamera juu. Na hiyo ndo itakuwa tofauti kwa macho unayoiuliza mzee, rangi pamoja na kingo. Mtu wa kawaida hataulizia sehemu ya desimali ya inchi.

nusu_gramu

Umeniua. Lakini uzito je? Upana sawa, ila kilo 0.92 na 1.24 ni vitu viwili tofauti begani, hilo rula halisemi.

pikseli_moja

Uzito ni kweli. Lakini wepesi ni ghali ndugu yangu, kupunguza gramu kunataka betri ndogo au bodi iliyochongwa kwa ujanja zaidi, na hii tunayoizungumzia ni mashine ya kubana matumizi. Usishangae ikawa na uzito uleule wa Air au hata kuzidi kidogo.

kasuku_wa_bei

Nyie endeleeni kupimana inchi, mi nije na hela maana hapo ndo wengi wanakosea.

Angalieni historia ya Air kwanza. Imezaliwa Januari 2008 kwa dola 1,799, Steve Jobs kaitoa kwenye bahasha watu wakapiga makofi, hela wengi hawana. Oktoba 2010 wakaleta umbo jipya, ya inchi 11 ikaanzia 999 na hapo ndo ikawa laptopu ya watu. 2018 wakaleta ya Retina, bei ikaruka 1,199, mwaka uliofuata 1,099, Machi 2020 ikarudi 999. 2022 ikaja ya M2 yenye umbo jipya, tena 1,199, 2023 ikashuka 1,099, na Machi hii ya M4 ikarudi tena 999. Mnaona mchezo? Umbo jipya linapanda mia mbili, wenye haraka wanalipa, gharama za kiwandani zikishuka inarudishwa nyumbani kwake 999. Kwahiyo 999 ni kiti cha Air na hakuna atakayekalishwa hapo.

Hiyo mpya sasa. 899 haiwezekani, kwa sababu bei ya wanafunzi ya Air ya M4 ni 899 hiyohiyo, nani atachukua chipu ya simu wakati M4 ipo kwa hela ileile. 799 inawezekana ila ni mbaya, mwanafunzi anaongeza mia tu anapata Air, huo ni mtego wa kuuzia Air na wala sio bidhaa. Ukienda kule chini kabisa 599 unagongana na ndugu zake wengine: Mac mini ya M4 ni 599 tena ina RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 16, ila haina skrini, haina kibodi, haina betri, na iPad tupu ya mwaka huu ni 349, ukiongeza ile Magic Keyboard Folio ya 249 jumla ni 598. Yaani mtu mwenye dola 598 leo Apple wanamuuzia iPad iliyovaa kibodi. Wakiweka laptopu kamili kwa 599 wameiua hiyo kibodi kabisa, na faida ya kwenye vile vifuniko vya kibodi nina wasiwasi hawataki kuigusa.

Ndo maana mi nakaa kwenye 699, wanafunzi 599. Na sio kubahatisha hewani, tangu Machi 2024 maduka ya Walmart kule Marekani wamekuwa wakiuza Air ya M1 mpya kwa 699, baadaye ikateremka mpaka 649. Mashine ya 2020! Kama ile haikuwa kipimo cha kuona chini ya mia saba kuna wateja wangapi basi mi sijui kipimo ni nini.

Na mdogo wako mzee, kama chuo kinaanza Septemba mwambie achukue Air ya M4 kwa bei ya wanafunzi aache kuzunguka. Uzalishaji wenyewe unaanza mwisho wa mwaka, kwenye mkono wa mtu ni 2026 huko, atasoma muhula mzima kwa kutumia nini?

mzee_wa_inchi

Hii hesabu ya iPad na kibodi kufika 598 sikuwahi kuiwaza, asante sana. Dogo nimemwambia, kafurahi kuliko nilivyotaka.

Sasa nimalizie hapohapo, kama inakaa 699 wanakata wapi? Kwa sababu Oktoba 2024 walipandisha RAM ya Mac zote ianzie GB 16, hata Air za M2 na M3 zilizokuwa sokoni zikapewa 16 kwa bei ileile. Watarudi kwenye 8 kweli baada ya miezi kumi na kitu? Itakuwa aibu.

dada_chipu

Watarudi, na aibu hawana 😄

Ngoja nieleze. A18 Pro kwenye iPhone ina RAM ya GB 8, na RAM yenyewe imepangwa juu ya chipu, moja inakaa mgongoni mwa nyingine ili kuokoa nafasi ndani ya simu. Raha ya kutumia chipu ya simu ni kwamba unachukua kitu kinachotengenezwa kwa mamilioni tayari kikiwa kimefungashwa hivyohivyo. Ukitaka 16 unaanza kufungasha upya, na ukishafungasha upya ule unafuu umeanza kuyeyuka. Kuna mtu atasema mbona 2020 waliwapa wadivelopa Mac mini yenye A12Z na GB 16, ni kweli, lakini A12Z ilikuwa ya ukoo wa iPad Pro, RAM yake ilikaa pembeni ya chipu sio mgongoni. Ila ile mashine inatuonyesha kitu kingine, kwamba macOS, mfumo wa Mac, kuendeshwa na chipu ya herufi A sio jambo la kutisha, lilishafanyika kabla hata M1 haijazaliwa.

GB 8 pia ndo kiwango cha chini cha Apple Intelligence (akili mnemba yao), kwahiyo wana kisingizio mkononi.

Kwa spidi msiwe na presha. Kiini kimoja kwa kimoja A18 Pro inaipita M1 vizuri tu, vikifanya kazi vyote kwa pamoja zinakaribiana, kwa sababu M1 ina viini vinne vikubwa na vinne vidogo, A18 Pro ina viwili vikubwa na vinne vidogo. Na watu wanaotumia M1 hadi leo hawalalamiki. Mtakapoumia ni kwenye porti. iPhone 16 Pro inatoa gigabiti 10 kwa sekunde kwenye USB-C na Thunderbolt, ile porti ya kasi zaidi, haina kabisa, wakati hata Air ya M1 ilikuwa nayo. Mwenye skrini mbili za nje mezani hii mashine haimhusu. Anayeandika ripoti na kuangalia video haitamsumbua hata siku moja.

Sasa jina, ambalo kila mtu analikimbia. Mi nasema MacBook tupu. Jina hilo limeshatumika mara mbili, mara ya kwanza 2006 kuchukua nafasi ya iBook, ilianzia 1,099 ikiwa ndo ya chini kabisa na kila mtu alielewa, tupu ni ya chini, Pro ni ya juu. Mara ya pili 2015, hiyo ya @nusu_gramu, wakavuruga, tupu ikawa ghali kuliko Air, mnunuzi hajui kipi ni kikubwa kuliko kipi. Safari hii wanaweza kuirekebisha, kwa sababu iPad wameshaipanga vizuri, tupu chini, Air katikati, Pro juu. Weka MacBook hivyohivyo, wala haihitaji maelezo.

SE sahauni. iPhone SE wameizika Februari mwaka huu wakaleta 16e ya dola 599. Na hiyo "e" kwenye simu inashikilia namba, 16 ya mwaka, laptopu hazina namba kwenye jina sasa "e" itaning'inia wapi. Ingawa wakongwe mnakumbuka eMac ya 2002, ile ya kioo cha kichogo iliyoanza kama mashine ya mashuleni. Wangekuwa na ucheshi wangeirudisha.

zima_washa

Samahani nitakuwa mchokozi kidogo. Mnajadili majina kana kwamba haya makampuni yana mantiki. Machi mwaka huu Mac Studio, kompyuta yao ya mezani, imetoka, ukitaka kubwa unapewa chipu ya M3 Ultra, ukitaka ndogo unapewa M4 Max, yaani namba ndogo ndo ya bei kubwa. iPad Air ina unene wa milimita 6.1 na iPad Pro ya inchi 13 ina 5.1, Air ni nene kuliko Pro, na hakuna aliyejiuzulu. Dell nao Januari wakatupa XPS, Inspiron na Latitude, majina ambayo watu wameyajua miaka na miaka, wakaleta Dell, Dell Pro na Dell Pro Max, na chini ya hapo kuna Plus na Premium, kwahiyo leo unaweza ukanunua kitu kinaitwa Dell Pro Max 16 Plus na uso mkavu.

Kwahiyo @dada_chipu mantiki yako ni nzuri mno kuwa kweli. Idara ya masoko haikai kuangalia nafasi iliyo wazi kwenye jedwali, inaangalia neno gani litasikika jipya kwenye jukwaa. "MacBook" tupu ni ngumu kuitangaza, ukiandika kwenye gugo unapata Air na Pro zote. Mi naona watabandika kineno, sijui kipi, kifupi, cha kuvutia vijana. Rangi nne zile ni za vijana, hazina uhusiano na mhasibu.

dada_chipu

Hiyo ya gugo nakubali ina uzito. Lakini iPad tupu wanaitangaza miaka yote na inauzika. Tutaona.

mzee_wa_inchi

Naomba tupande juu ya ngazi kidogo kabla hatujasambaa. PowerBook za 2003 zilikuwa 12, 15 na 17. Leo tuna 13, 14, 15, 16, zimebanana zote katikati. Kama chini wanaongeza mashine, juu hawawezi kurudisha 17 au hata 18? Wenye kuhariri video wapo, na wanalipa.

pikseli_moja

Hapa jibu lipo kwenye sheria za ndege zaidi ya kwa Apple. Betri ya lithiamu unayoruhusiwa kupanda nayo ndani bila kuomba kibali cha shirika la ndege inaishia watt-saa 100. Angalia Pro ya inchi 16, ya 2019 na ya 2021 zote zina karibu 100. Wameshagonga dari. Sasa chukua skrini ya 18 ambayo inakula umeme zaidi kwa kuwa eneo lake ni kubwa, ipe chipu ileile ya Max, halafu betri ileile kwa sababu huruhusiwi kubwa zaidi. Unapata mashine nzito ambayo inazima mapema kuliko ndogo yake, nani ataitangaza hiyo?

Na uzito pia. Pro ya inchi 17 ya mwisho ilikuwa na kilo 2.99 na upana wa sentimita 39.3, walipoitoa Juni 2012 hakukuwa na maandamano. Watu wanaisifu kwa nafasi ya kufanyia kazi, lakini skrini yake ilikuwa 1920 kwa 1200, ya 16 ya leo ni 3456 kwa 2234. Unaweza kuweka madirisha mengi zaidi kwenye ndogo ya leo mradi macho yako yanakubali.

Ila mi naamini kilichomaliza ndoto ya 17 ni Air ya 15 ya 2023. Kabla ya hapo mtu aliyetaka skrini kubwa tu, hana haja ya nguvu, anataka tu jedwali lake lionekane lote, alilazimishwa kununua Pro kubwa ya dola elfu mbili na mia nne na kuendelea. Hao ndo walikuwa wanapiga kelele za skrini kubwa. Saivi wanapewa kwa 1,199 na kilo 1.51, wametulia. Waliobaki wanaotaka 17 na nguvu pamoja ni wachache na wengi wao wana skrini kubwa mezani.

kasuku_wa_bei

Kwa juu mi sitazamii inchi mpya, natazamia bei mpya. Tetesi za skrini za OLED (aina ambayo kila pikseli inajiwasha yenyewe) kwenye MacBook Pro zipo muda mrefu na watu wengi wanazitaja za 2026. Mfano wa kuangalia ni iPad Pro ya Mei 2024, walipoweka OLED, ya inchi 11 ilitoka 799 ikaenda 999, kubwa ikatoka 1,099 ikaenda 1,299. Walipunguza uchungu kwa kuanzia GB 256 badala ya 128, lakini mia mbili zimekwenda hizo. Kwa laptopu nabashiri Pro ya 14 ya OLED itaanzia karibu na 1,999, bei ileile waliyoanza nayo 2021 na M1 Pro, halafu ya kawaida inabaki 1,599 kwa wasiotaka.

Na hapo ndo jina linaweza kubadilika. Ukiwa na Pro mbili, moja ya OLED na nyingine sio, lazima utafute neno. Apple Watch wameshaweka Ultra.

dada_chipu

Ultra wasithubutu jamani. Ultra tayari ni jina la chipu, ile ya Mac Studio. Utakuwa na MacBook Ultra ambayo ndani ina Max, na Mac Studio ambayo ndani ina Ultra, anayeuza atamweleza nini mteja?

zima_washa

Dada umeshaambiwa hapo juu kwamba mantiki hawana, na bado unawaombea. Ultra wataweka.

mzee_wa_inchi

Haya, naona tunakaribiana: 13 na kitu, 699, GB 8, na jina bado vita. Kuna mwenye kupinga hiyo 699? Maana ningependa nisikie upande wa 799 pia, Apple wana historia ya kutokuwa wakarimu.

nusu_gramu

Mi niko upande wa 799 kwa huzuni. Surface Laptop ya inchi 13 Microsoft wameitoa Mei kwa 899, Apple wakiweka 799 tayari wanaonekana wema, wana sababu gani ya kushuka zaidi?

kasuku_wa_bei

Sababu ni iPhone 5c. 2013 walitoa simu ya plastiki ya rangirangi, bluu, pinki, njano, kijani, nyeupe, bila mkataba ikawa 549, wakati 5s yenye chipu mpya na alama ya kidole ni 649. Tofauti mia moja. Watu wakafanya hesabu ya haraka wakaongeza hiyo mia wakachukua 5s, mpaka Tim Cook mwenyewe Januari 2014 akakiri kwamba mgawanyo wa mauzo haukwenda walivyotarajia. Sasa weka hii kwa 799, bei ya wanafunzi ya Air 899. Ni mia ileile. Tena wakiwa na M4, GB 16 na Thunderbolt upande wa pili wa hiyo mia. Ukitaka rangi ziuzike lazima pengo liume, mtu aone kwamba kufika kwenye Air ni safari, na kwa mwanafunzi pengo la mia tatu ndo linaanza kuuma.

zima_washa

Ikitoka kwa 799 na GB 8 basi itakuwa 5c yenye kibodi, na mwaka unaofuata Walmart wataimaliza kwa 599.

nusu_gramu

Basi mi nitaisubiria hukohuko Walmart. Ya njano.